Ndoto Mbili Katika Kitanda Kimoja

Wahubiri wetu wanalo neno wanalolipenda kwa mtu anayewaza makubwa huku mikono yake imelala. Husema anaota ndoto za Alinacha. Mimi mwenyewe, kama mzee wa kanisa, nimelitumia neno hilo katika semina za vijana na katika ibada za nyumba kwa nyumba, na kila mara watu wamecheka na kukubali.

Hadithi yenyewe imo katika Alfu Lela Ulela. Alinacha alirithi dirhamu 100 kwa baba yake, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga katika kapu, akaketi kungoja wanunuzi. Alipokuwa akingoja akaanza kuhesabu. Mia itazaa mia mbili, mia mbili itazaa mia nne, mpaka akawa tajiri mkubwa na kumwoa binti wa waziri. Katika mawazo hayo binti yule alisimama mbele yake kwa unyenyekevu, kikombe mkononi, akimbembeleza anywe. Naye, ili kuonyesha ukubwa wake, akampiga teke. Teke likalipata kapu, na vioo vyote vikavunjika.

Sisi huishia kwenye vioo. Tunasema: mnaona, angefanya kazi asingepata hasara. Lakini mwaka huu, baada ya kustaafu ualimu, nimerudia riwaya moja niliyoisoma kwa Kiingereza nikiwa kijana chuoni, na tangu hapo kinachonisumbua katika hadithi ya Alinacha si vioo tena, ni yule mke. Mtu yuko huru kabisa. Hakuna anayemwona, hakuna anayemzuia, anaweza kuwaza lolote lililo chini ya jua. Kwa nini awaze mtu wa kupiga teke?

Riwaya hiyo ni Madame Bovary ya Mfaransa Gustave Flaubert. Ilianza kutoka kwa vipande katika gazeti moja la Paris mwaka 1856, na mwanzoni mwa mwaka 1857 mwandishi na wachapishaji wake walishtakiwa mahakamani kwa kosa la kuchafua maadili ya umma na dini. Waliachiliwa tarehe 7 Februari mwaka huohuo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu najua baadhi yenu mtauliza kitabu kilichoshtakiwa kwa kuivunjia dini heshima kinatafuta nini katika kitabu cha kanisa. Naomba mnivumilie.

Emma ni binti wa mkulima. Anapelekwa kusoma katika nyumba ya watawa mjini Rouen akiwa na miaka 13, na huko anaipenda dini, ila anaipenda kwa namna yake. Anapenda maua ya altare, ubani, nyimbo. Anapokwenda kuungama hubuni vidhambi vidogo vidogo ili akae zaidi magotini katika kivuli kile. Mahubiri yanapomtaja Kristo kama bwana arusi, moyo wake husisimka, lakini si kwa sababu ya Kristo. Kisha yupo mama mzee mshonaji anayekuja kila mwezi kutengeneza nguo za nyumba ile, na mifukoni mwa aproni yake daima mna riwaya za mapenzi anazowaazima wasichana wakubwa kwa siri. Emma anakua akiwa na vitu viwili hivyo kichwani, vimechanganyika kama mchele na chuya, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kuvichambua.

Anaolewa na Charles Bovary, tabibu wa vijijini ambaye hakufikia daraja la daktari kamili. Charles si mtu mbaya. Anampenda mkewe, anaamka usiku kwenda kwa wagonjwa, anakula anachopewa na kulala fofofo. Mazungumzo yake hayana chumvi. Siku moja wanaalikwa kwenye dansi katika jumba la mwungwana mmoja, na usiku huo mmoja unatosha kumharibia Emma siku zote zinazofuata. Anaporudi kijijini ananunua ramani ya Paris, mji ambao hajawahi kuukanyaga, na kutembea juu yake kwa ncha ya kidole, mtaa kwa mtaa.

Nilipokuwa kijana nilimcheka kwa kidole kile. Sasa simcheki. Nimewaona watu wazima, mimi nikiwa mmoja wao, tukitembea kwa kidole juu ya kioo cha simu katika nyumba za watu tusiowajua, jikoni mwao, harusini mwao, mpaka chai inapoa.

Ukurasa ninaotaka tuutazame kwa makini uko katika sehemu ya pili ya kitabu. Ni usiku. Emma tayari ana mpenzi wa siri, Rodolphe, na wamepanga kutoroka. Charles anarudi kutoka kwa wagonjwa, hathubutu kumwamsha mkewe, analala pembeni yake. Karibu nao kiko kitanda kidogo cha binti yao Berthe. Charles anasikiliza pumzi za mtoto na kuanza kuota akiwa macho. Mtoto atakua. Atatoka shule jioni akicheka, wino umemchafua nguo. Itabidi apelekwe shule ya bweni, na hiyo ni gharama. Basi atakodi kishamba karibu, awe anakipitia asubuhi akienda kwa wagonjwa. Mapato atayaweka benki ya akiba. Berthe atajifunza piano. Akifika miaka 15 atafanana na mama yake, na watu wakiwaona kwa mbali watadhani ni ndugu. Atamtarizia baba yake viatu vya ndani. Halafu watamtafutia kijana mwema wa kumwoa.

Emma hajalala. Anajifanya tu. Wakati mumewe anazama usingizini, yeye anaamka katika ndoto nyingine. Farasi wanne wanamkimbiza kwa wiki nzima kuelekea nchi mpya asikorudi tena. Kuna miji yenye kuba, madaraja, merikebu, misitu ya milimau, makanisa ya marumaru nyeupe. Mwishoni kipo kijiji cha wavuvi, na nyumba ya dari bapa chini ya mnazi au mtende, ufukweni. Kila siku ni nzuri na kila siku inafanana na nyingine, kama mawimbi. Kisha mtoto anakohoa katika kitanda chake, au Charles anakoroma, na Emma hapati usingizi mpaka alfajiri.

Ukiyaweka mawazo haya mawili sambamba, utasema kwa haraka kwamba la mume ni jema na la mke ni ovu. Ni kweli kwamba ndoto ya Charles ina gharama ndani yake, ina ada ya shule na kishamba cha kukodi, na ya Emma haina hata mtu wa kupika. Ni kweli pia, na hili ndilo lililonichoma, kwamba katika ndoto ya Emma mtoto hayumo. Si kwamba anamchukia. Hakumbukwi tu. Anaingia kwa kukohoa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambamo hakualikwa.

Lakini mtazame Charles tena. Katika ndoto yake Emma yumo, amevaa kofia ya majani kama bintiye, mzuri, ametulia. Hasemi neno. Charles anaota mke asiyekuwapo huku mke aliyepo yuko macho kando yake, shingo imekaza, akingoja akorome. Mimi naona hapa Flaubert ni mkali kwa Charles kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Wema wake umekuwa kama pazia. Ndoa nyingi tunazozisifu katika sherehe za jubilei zina kitanda cha namna hii, na mchungaji hawezi kukiona kutoka mimbarini.

Biblia nayo inamjua mtu anayetoroka kwa mawazo. Katika Luka 15 kijana amekaa na nguruwe wa watu, ana njaa, na anachofanya kwanza si kusimama. Anawaza. Anawaona kwa macho ya moyo watumishi wa baba yake wakila na kusaza. Kisha anatunga hotuba nzima, neno kwa neno, atakayomwambia baba. Kama hii si kuota mchana, sijui ni nini. Tofauti yake na Alinacha na Emma ni kwamba waliomo katika mawazo yake ni watu halisi, wenye majina anayoyajua, na mmoja wao amemkosea. Na kuna jambo ambalo huwa tunalipita haraka tunaposoma: alipofika, hotuba hakuimaliza. Sehemu ya kuomba awe kama mtumishi wa kuajiriwa haikutamkwa kamwe, maana baba alikwisha mkimbilia na kumkumbatia, na sasa alikuwa akiwaagiza watu walete joho. Ndoto yake ilipata mtu wa kuipokea.

Ya Emma haikupata. Kurasa nyingi kabla ya usiku ule, kabla hajaanguka na Rodolphe, kuna jioni moja ya mwezi wa Aprili anaposikia kengele ya kanisa. Anakumbuka watawa wa utoto wake, moyo unalainika, anatoka kwenda kanisani pasipo kujua hasa atasema nini. Anamkuta paroko, Padri Bournisien, anajiandaa kufundisha watoto katekisimu. Emma anamwambia kwamba anaumwa. Padri anakubali, joto la kwanza la mwaka huwadhoofisha watu, na Bwana Bovary anasemaje? Emma anajitahidi tena. Padri anageuka kuwakemea wavulana wanaosukumana. Anamweleza habari za ng'ombe aliyevimba tumbo, na shida za wakulima. Emma anasema wapo wengine wenye shida pia. Padri anaona kwamba mtu akiwa na chakula na moto wa kuota, basi... Mwishoni anamtazama na kudhani ni tumbo. Arudi nyumbani anywe chai kidogo. Baadaye anakumbuka kwamba mama huyu alitaka kumwuliza kitu. Ni kitu gani? Emma anajibu kwamba si kitu.

Nadhani hapa ndipo kitabu kinapokuwa cha kanisa, hata kama mwandishi hakukusudia. Padri huyu si mzinzi wala mwizi. Anachapa kazi. Ana watoto wa kufundisha na kundi la watu maskini, na mbele yake amesimama mwanamke aliyevaa vizuri ambaye hawezi kutaja ugonjwa wake. Ningekuwa yeye, ningefanya nini? Sihitaji kubahatisha, nitaeleza punde.

Emma anarudi nyumbani. Berthe, anayejifunza kutembea, anamfuata na kushika kamba za aproni yake. Anamwambia aache. Mtoto anarudi tena. Anamsukuma kwa kiwiko, mtoto anaangukia kabati, na pambo la shaba linamchana shavu. Flaubert ameziweka sehemu hizi mbili karibu sana, kanisani na kabatini, bila kutoa maelezo. Ni lile teke la Alinacha, ila sasa si la ndotoni tena.

Mengine nitayapita upesi. Madeni kwa mfanyabiashara wa vitambaa, hukumu ya kulipa faranga 8,000 katika saa 24, sumu ya aseniki. Charles anamfuata kaburini. Baada ya kila kitu kuuzwa zinabaki faranga 12 na sentimu 75 za nauli ya kumpeleka Berthe kwa bibi yake. Bibi naye anafariki mwaka huohuo, na shangazi maskini anayemchukua mtoto anamtuma kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Msichana wa piano na kofia ya majani. Mwendesha mashtaka wa mwaka 1857 alilalamika kwamba kitabu kinaipamba dhambi. Mimi sijui kitabu kingine kinachoonyesha kwa utulivu namna hii ni nani hulipa.

Sasa niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya kwanza, dada mmoja wa usharika wetu alinikuta nikihesabu sadaka na wenzangu. Akasimama mlangoni. Akasema, "Shikamoo mzee. Siku hizi mwili uko hapa lakini mimi siko." Nikaitikia. Nikamwuliza kama amepima malaria. Akasema si malaria, ni kwamba akiosha vyombo anajiona yuko mahali pengine, ana maisha mengine, na akirudi anawaona watoto wake kama wa jirani. Mwenzangu alikuwa ananisubiri nitaje hesabu ya noti za elfu tano. Nikamwambia dada yule kwamba hizo ni ndoto za Alinacha, asali sana na ajiunge na kikundi cha kina mama, kazi itamwondolea mawazo. Akasema asante. Nikataja hesabu.

Nilipofika kwenye ukurasa wa Padri Bournisien mwaka huu niliweka kitabu chini. Jumapili iliyofuata nilimtafuta. Bado yuko kwetu, anaimba kwaya sauti ya pili, watoto wake wakubwa wamekwisha pata kipaimara. Nilimwomba tukae kwenye benchi chini ya mwembe, nikamkumbusha siku ile, nikamwuliza alitaka kuniambia nini.

Alinitazama kwa muda. "Nimesahau, mzee," alisema. Kisha akasema anawahi mazoezi, akasimama. Nimemwambia Jumapili ijayo nitakuwa kwenye benchi lile lile, na kwamba sadaka atahesabu mtu mwingine.