Nadharia Si Pambo la Sura ya Kwanza: Tumsome Bartlett Upya

Katika tasnifu nyingi za wanafunzi wetu, nadharia hutajwa katika sura ya kwanza, ikasifiwa, kisha isionekane tena hadi hitimisho. Ubunifu nao huachiwa washairi na watunzi wa riwaya, kana kwamba kazi ya mtafiti ni kukusanya data tu. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kurejelea kazi ya mwanasaikolojia Mwingereza, Frederic Bartlett, ambaye kitabu chake kuhusu kukumbuka kilitoka mwaka 1932.

Kabla yake, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti aliojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Aliiondoa maana makusudi ili apime kusahau kwa nambari. Huo ulikuwa ubunifu mkubwa. Bartlett, hata hivyo, alihoji kama kumbukumbu iliyotengwa na maana ndiyo kumbukumbu ya maisha ya kila siku.

Akachagua chombo kingine: hadithi. Aliwapa wasomaji wa Cambridge ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini iliyokusanywa na Franz Boas, akawataka waikumbuke tena na tena. Waliifupisha, wakaacha yaliyowatatiza. Mitumbwi ikawa mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mtafiti mwingine angehesabu makosa akaishia hapo. Bartlett alitoa dhana ya skima, yaani muundo wa maarifa ya awali ambao kwao tunajenga upya tunachokikumbuka. Dhana hiyo hiyo inatusaidia kuelewa kisa chake cha mchungaji wa Swaziland (Eswatini ya leo), aliyetaja kwa makosa machache sana ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Ng'ombe ndio waliokuwa ulimwengu wake.

Kazi hii ina kasoro. Bartlett hakutumia takwimu za kutosha, na maelekezo yake kwa washiriki yalikuwa legelege. Mwaka 1967, Gauld na Stephenson walionyesha kwamba washiriki wakisisitiziwa usahihi, makosa hupungua. Lakini mwaka 1999, Bergman na Roediger walirudia jaribio hilo na kukuta kumbukumbu ikizidi kupotoka kadiri muda ulivyopita. Nadharia hiyo imedumu si kwa kusifiwa, bali kwa kuwa ilisema jambo linaloweza kupimwa na kupingwa.

Je, haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali anaposoma hadithi ya pwani yenye jahazi na pepo za kaskazi, kisha akaandika ufupisho wenye ziwa na mtumbwi, tunamkata alama kwa kutojua lugha. Huenda lugha anaijua. Asichokijua ni bahari. Bila nadharia hatuwezi kutofautisha makosa hayo mawili, na bila ubunifu hatutabuni zoezi la kuyatenganisha.

Basi mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti asiulize tu ataje nadharia ipi. Aulize nadharia hiyo inatabiri nini, na ni matokeo gani yangeikanusha. Akikosa jibu, sura hiyo ya kwanza haijakamilika.