Daftari la Michoro la Mwalimu

Yastahiki pongezi kazi ya mwalimu wa sanaa ambaye, kabla ya kuandika andalio la somo, hulijaribu kwanza somo lake katika daftari la michoro kwa kalamu ya risasi. Mahali kama Rwamgasa, mkoani Geita, ambako karasha huponda mawe ya dhahabu, mwalimu huyo huchora mwalo ulioinama wa kuoshea dhahabu, gunia lililotandikwa juu yake na maji ya tope yateremkayo. Kisha pembeni huandika ni mstari upi utakaomtatiza mwanafunzi, na rangi gani itapatikana kwa udongo mwekundu na makaa. Hiyo, kwa itikadi yangu, ndiyo elimu hasa. Enyi wakaguzi wa shule, mtakapo kuona maandalio, liombeni na daftari hili.