Trei za mayai hazitunzi siri

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye magrupu ya wasap: ofisi yenu ya wazi ina kelele? Bandikeni trei za mayai ukutani, wekeni maua, kazi imekwisha. Mimi naupinga, na sababu nimeipata safarini Mkwaja.

Njiani nilirekodi mahojiano kwenye ofisi moja ambayo siitaji: ukumbi mmoja, meza sita, sakafu ya vigae, kuta za plasta, juu bati tupu bila dari. Kesho yake nikarekodi Mkwaja, chini ya banda la makuti. Nilipokaa kunakili, za bandani zilikuwa na upepo wa bahari lakini maneno yalisikika. Za ofisini kila neno lilikuwa na mkia. (Tusiyape makuti sifa zote, pembeni kuko wazi, sauti ikitoka hairudi.)

Fizikia yake ni ya zamani. Wallace Sabine aliianza mwaka 1895 pale Harvard, akihamisha mito ya viti usiku kupima mwangwi. Chukua chumba cha mita 8 kwa 6, kimo mita 3. Kikiwa na unyonyaji wa sauti wa mita za mraba 12, mwangwi hudumu kama sekunde 1.9. Ufikishe 30, unashuka hadi 0.8 hivi. Vigae na plasta havinyonyi karibu chochote. Trei nazo ni karatasi nyepesi: zinapunguza kidogo sauti nyembamba, nzito zinapita tu, na zikipata cheche zinawaka. Afadhali pazia zito lenye mikunjo.

Lakini haya, tuseme mwangwi umeisha. Sasa maneno ya meza ya jirani unayasikia vizuri zaidi! Hapo ndipo ushauri wote unapoanguka. Kinachoivuruga akili si ukubwa wa sauti peke yake, ni kueleweka kwake. Ndiyo maana kipimo cha ISO 3382-3, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 kwa ajili ya ofisi za wazi, kinauliza maneno yanaacha kueleweka vizuri umbali gani kutoka kwa msemaji.

Siku ile ofisini aliingia mama mmoja na shauri la shamba la marehemu mumewe. Benchi la wanaosubiri lilikuwa hatua mbili nyuma yake. Alianza, akageuka, akamwona shemeji yake. "Basi mwanangu, nitapita siku nyingine," akamwambia karani. Trei ngapi zingemsaidia?

Anahitaji chumba chenye mlango, na ukuta uliopanda mpaka kwenye bati. Vile vizuizi vya mbao vinavyoishia usawa wa kichwa vinaficha uso tu, sauti inaruka juu. Na nafasi ipo. Ofisi ile ina stoo inayotosha meza moja na viti viwili. Niliichungulia, imejaa mafaili ya zamani na pikipiki mbovu.