Liyongo hakuuawa na mwanamke: Tusome vikale kwa makini

MAJUZI nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi kuhusu vikale, yaani wahusika, matukio na ishara zinazojirudia katika fasihi za jamii mbalimbali. Mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliwapanga mashujaa watatu katika safu moja: Samsoni wa Biblia, Luanda Magere wa Waluo na Fumo Liyongo wa Waswahili. Akahitimisha eti wote waliangushwa na mwanamke msaliti.

Kosa hilo si lake peke yake. Nimelisikia hata makongamanoni. Tangu Northrop Frye achapishe Anatomy of Criticism mwaka wa 1957, uhakiki wa aina hii umetusaidia kuona jinsi hadithi za mbali zinavyofanana. Lakini wengi wetu tumeugeuza kuwa kazi ya kubandika majina: huyu shujaa, yule msaliti, hii ishara ya kifo, basi, kazi imekwisha.

Ni kweli Samsoni alimfichulia Delila siri ya nywele zake. Ni kweli pia kwamba, katika masimulizi ya Waluo, Magere alioa msichana wa Kinandi, akaugua, akamwambia achanje kivuli chake na kukitia dawa. Siri ikawafikia maadui. Mkuki ukachoma kivuli.

Sasa twende kwa Liyongo, kama alivyosawiriwa na Muhammad Kijumwa katika utenzi wa mwaka wa 1913. Nani anamsaliti? Ni mwanawe wa kiume, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Na wanawake je? Liyongo akiwa kifungoni, anampa kijakazi Saada ujumbe wa kishairi ampelekee mamake, na walinzi hawaambulii kitu. Mama anaoka mikate mizuri, kisha mmoja wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanaila ile mizuri, ule wa wishwa wanaudharau. Tupa hiyo ndiyo inayokata minyororo. Baadaye, shujaa anapopiga goti kisimani na upinde wake, watu wakiogopa hata kuteka maji, ni mama huyo huyo anayeombwa akambembeleze. Huyo ndiye msaliti?

Tena tuitazame silaha yenyewe. Mkuki hurushwa kutoka mbali. Sindano ya shaba hairushwi. Anayetaka kuidunga kitovuni lazima amfikie mtu kitandani, amjue usingizi wake. Kwa maoni yangu, hii ni ishara nzito kuliko kitovu tunachokikariri kila mwaka darasani. Na baba alishuku nia ya mwanawe alipoulizwa siri, ila bado akamwambia.

Kama lazima tutafute kinachojirudia katika visa hivi vitatu, mimi ningemtazama aliyetuma, si aliyetumwa. Delila aliahidiwa fedha na wakuu wa Wafilisti. Msichana wa Kinandi alitoka kwa mahasimu wa Magere. Mwana wa Liyongo alitiwa chambo na mtawala. Wote hao walikuwa wakubwa walioshindwa kumkabili shujaa uwanjani, wakapitia nyumbani kwake.

Mwanafunzi wangu alikuja kulalamikia alama. Nikampa utenzi akausome upya, mzima, si muhtasari. Bado namsubiri.