Ufundi wa Kuondoa

Ukisimama barabarani kutazama kioo kikipandishwa ghorofani, umeshachelewa. Jambo la kutazamwa lilipita mapema, fundi alipokuwa amechuchumaa na kitambaa mkononi, akifuta kioo ambacho kwa macho yako na yangu kilikuwa safi tayari.

Mashine yake ya kuinulia kioo twasema inanyonya, kana kwamba ina mdomo unaovuta. Jina hilo linatupoteza. Pampu yake huondoa hewa iliyo kati ya kikombe cha raba na kioo, na hewa ya nje, hii inayotuelemea sote bila kuihisi, hukigandamiza kioo kwenye raba. Katika miaka ya 1650 Mjerumani Otto von Guericke aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akaitoa hewa ya ndani, kisha akafunga farasi pande zote mbili wavute. Walivuta wakachoka. Tufe halikuwa na gundi wala parafujo.

Tangu hapo hesabu haijabadilika. Kwenye usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito unaokaribia kilo 1. Kikombe cha raba chenye kipenyo cha sentimita 20 kingeshika kilo 300 na ushei, lau ombwe lingekuwa kamili. Haliwi kamili. Na hata nguvu inayopatikana haitumiwi yote: kiwango cha Ulaya, EN 13155, kinataka mashine iweze kushika angalau mara mbili ya mzigo wake. Kioo nacho kina hesabu yake: kila milimita ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kipande cha mita 2 kwa 3, chenye unene wa milimita 10, kina kilo 150. Fundi huitafuta namba hiyo kwa futi na kalamu kabla hajagusa swichi.

Sasa ipakie mashine hiyo Dar es Salaam, uishushe Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Raba ni ileile, pampu ni ileile, lakini hewa ya kule ni nyepesi, na nguvu ya kushika imepungua kwa karibu moja ya tano. Kibao cha uzito kilichopigiliwa ubavuni hakijui kimesafiri. Fundi anajua, na hupunguza mzigo.

Ndipo vidole vinapoanza kazi. Hupita ukingoni mwa raba polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Mhenga alituonya kuhusu kuziba ufa. Ufa wa raba hauzibwi, raba hubadilishwa. Vumbi hufutwa, kwa kuwa chembe moja ni mlango wa hewa. Maji hukaushwa, kwa kuwa kioo kilichosimama wima huzuiwa kisiteleze na msuguano, na maji huula msuguano. Betri hukaguliwa. Kengele ya tahadhari hujaribiwa ilie. Walio chini huambiwa wasogee, na hakuna anayeruhusiwa kupita chini ya mzigo, awe kibarua au bosi.

Halafu pampu hunguruma, hunyamaza, na fundi hutulia akitazama mshale wa geji. Ukishuka, kuna mahali hewa inapenya. Anarudi mwanzo bila kununa. Ukitulia, kioo huinuliwa shubiri moja tu kutoka chini, kisha anangoja tena. Baada ya hapo ndipo kinapanda.

Seremala huongeza msumari, mwashi huongeza tofali. Huyu kazi yake ni kuondoa. Pampu imeondoa hewa. Yeye ameondoa vumbi, maji, makisio, watu wasiohusika, na lililo gumu kuliko yote, haraka ya mwenye nyumba.

Basi wewe unayejenga, siku ya vioo ikifika, uilipe saa hiyo ya kitambaa na geji kama unavyoilipa saa ya kupandisha. Na ukimkuta fundi amesimama kimya anautazama mshale usiosogea, usimuulize anasubiri nini. Yuko kazini.