Pongezi kwa Wachuma Chai wa Limuru

Chai ya maziwa inayoamsha mitaa ya Kaloleni, Jericho na Umoja jijini Nairobi kila asubuhi ina deni kwa Limuru, ambako mmea wa chai ulipandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Watalii husifu baridi na kijani cha mashamba yake, lakini sifa kubwa zaidi ni ya mikono inayochuma majani mawili na chipukizi, hata kwenye manyunyu. Wapo wasemao kwamba makampuni makubwa ndiyo yaliyoijenga sekta hii. Mchango wao haukataliwi; hata hivyo, tangu KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ianzishwe mwaka 1964, wakulima wadogo wamefikia kuzalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Tunapowapongeza wachuma na wakulima hawa, tudai pia walipwe vizuri, kwani heshima isiyofika mfukoni haijakamilika.