Nguo Kavu: Kuisoma Kinjeketile Songea Ikinyesha

Huku Songea mvua ikishaamua, imeamua. Inaanza Novemba au Desemba, na kukata kwake ni mpaka Aprili. Vitabu vyetu vingi ni vya pwani, vina vuli na masika. Sisi tuna kifuku kimoja tu, kirefu. Shati la shule linaanikwa jikoni, siku ya tatu bado lina unyevu, na sasa linanuka moshi wa kuni mbichi. Mwalimu anafundisha, bati linamzidi sauti. Dereva wa bodaboda kajifunika nailoni, anakutazama kama anayeuliza: kweli unataka kwenda huko?

Katika siku za namna hiyo nimerudia kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya iliyotoka 1969. Shuleni tulifundishwa kuisoma kwa ajili ya umoja na ukombozi, na ni sawa. Lakini isome huku paa linavuja na sufuria iko chini inakinga, utaona maji yenyewe.

Simulizi za vita vya Majimaji zinasema Kinjeketile alizama mtoni, kesho yake akatoka mzima, nguo zake kavu. Msomaji aliyekaa pakavu anapita hapo upesi akimbilie risasi kugeuka maji. Mimi nilikwama kwenye nguo. Mtu aliyetoka ndani ya maji na nguo kavu! Mwambie hivyo mama wa huku mwezi Februari, atajua papo hapo ukubwa wa muujiza. Yaani ahadi ile haikuwa ya uwanja wa vita peke yake. Ilikuwa ya mwili ambao hausumbuliwi tena na chochote.

Hussein analijua hilo mwanzoni. Tamthiliya inafunguliwa na wanawake wanaozungumzia chakula: hakipo, na wanaume wako kwenye shamba la Mjerumani. Kabla ya mganga kuna chungu kitupu. Baadaye, bahati mbaya, mambo yanahamia kwa wanaume wanaobishana: vita vianze lini, maji ni ya kweli au siyo. Mabishano ni mazito, hasa Kinjeketile anapotaka watu wasubiri na wao hawataki. Ila lile jiko la mwanzo limezimika, na hakuna anayerudi kulipuliza.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Na asitetewe kwa historia, maana mwenyewe alisema kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Kama alikuwa huru kumbuni nabii, alikuwa huru pia kubuni jioni moja ya wale wanawake baada ya vita kuanza.

Kwetu si jambo dogo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni, na kila mwaka tunawakumbuka kwenye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe hiyo iko katikati ya kifuku, mahindi mapya bado, ghala linaelekea kuisha. Na Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki.

Mwishoni Kinjeketile anakataa kuyakana maji, ili vizazi vijavyo wasidhani kupigana kulikuwa kosa. Ni mwisho mkubwa, sina ubishi. Lakini nikiusoma mvua inapiga bati, najiuliza aliyebaki na watoto na ghala la majivu alipika nini usiku ule. Tamthiliya inalihifadhi neno, yeye haimhifadhi.

Basi, kama unacho kitabu, kisome tena, na usiwaruke wale wanawake wa mwanzo. Wahesabie wanapoongea na wanaponyamaza. Na wewe mwandishi wa Ruvuma unayesubiri kisa kikubwa, angalia hilo shati lililoanikwa jikoni. Limekauka?